Saa ya Mvua Niliyotoka Nayo Pwani

Mwanangu, siku niliyoshuka kwenye treni pale Shinyanga naikumbuka kama jana, maana sijawahi kujiona nina akili nyingi kama siku ile. Nilivaa soksi ndefu za magotini na kofia ngumu, na ndani ya begi langu mlikuwa na diploma yenye muhuri mwekundu. Hilo la diploma naomba ulishike vizuri kabla hatujaendelea. Hakuna aliyenisomesha. Niliondoka kwetu upande wa Mhunze na shuka moja, nikafika Dar es Salaam, nikaosha sahani za watu mchana na kusoma jioni, miaka sita, mpaka wakanipa karatasi ile. Upande wetu wote mimi ndiye niliyetangulia. Waliopata baadaye siwadharau, lakini walinikuta.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja na gazeti, ukasema watu wamefika mwezini, na nilipokuuliza maswali ukanuna. Ukasema wazee hatuamini sayansi. Mimi, mwanangu, nimeiamini sayansi kabla wewe hujazaliwa. Niliiamini mpaka nikaharibu chakula cha kaya tano nzima.

Mbali na diploma, nilirudi na kitu kingine. Kabla ya kuondoka pwani nilikwenda kwenye mnada wa vitu vya nahodha mmoja aliyefariki, nikapata chombo cha shaba chenye uso kama wa saa ya ukutani. Kilikuwa na mshale mmoja tu. Badala ya namba za masaa, kiliandikwa maneno ya Kiingereza, na Kiingereza nilikuwa nakijua: kulia kumekauka, katikati hali inabadilika, kushoto mvua, na kushoto zaidi, mwisho kabisa, dhoruba. Mwuzaji akaniambia, "Hii inaijua mvua kabla ya mawingu." Nikaichukua. Nilijiona narudi kwetu na kitu ambacho hata waganga wa mvua hawana.

Ndani ya treni niliiweka mapajani. Pwani mshale ulikuwa katikati. Tulipofika Morogoro ulikuwa umeshaingia kwenye mvua na kukaribia dhoruba. Dodoma ulikuwa umeipita dhoruba, umelala mahali ambapo hapakuandikwa neno lolote. Nilitazama nje, jua linawaka, mbuga kavu, ng'ombe wanahema kwa joto. Nikasema, watu hawa maskini hawajui kinachowajia! Tabora mshale ulikuwa palepale. Shinyanga palepale. Nilikodi baiskeli, nikaendesha kuelekea Mhunze kama mtu anayefukuzwa.

Aliyenilea ni shangazi yangu, Shangazi Kwandu, dada wa baba, maana wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo. Nilimkuta juu ya jabali nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wa kaya jirani. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa michembe. Wewe umezaliwa mjini, acha nikukumbushe: viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huanikwa juani juu ya jabali mpaka vikauke kabisa, kisha huhifadhiwa kwenye kihenge. Ndicho chakula cha miezi ya njaa, mashamba yakiwa bado mabichi. Jabali lote lilikuwa jeupe kwa vipande. Shangazi alikuwa akiokota kipande, anakisogeza sikioni, anakivunja. Kikilia, kimekauka. Kikipinda, kinarudi juani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu! Ee, umerudi!" Akanishika mashavu kwa mikono yake yenye unga wa viazi. "Umekuwa mtu mzima. Na hizo soksi? Unaumwa miguu?"

Watu wakaja kunisalimia, wakajaa uani. Kwa kuwa nilikuwa na gazeti la pwani, nikaona niwafungue macho kwanza, ndipo niwape habari ya dhoruba. Nikawasomea kwamba mzungu mmoja ameruka na ndege juu ya bahari, usiku na mchana, bila kutua.

Mzee Luhende, jirani yetu, fundi wa kuchonga vinu, mtu aliyeweza kuchekesha watu msibani, akauliza, "Bila kutua hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa huyo bwana alijisaidia wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Gazeti halikusema. Nikahamia habari ya pili, kwamba siku hizi mtu anaongea ndani ya sanduku London na mwingine anamsikia mji wa mbali, bila waya, sauti inapita hewani.

"Hilo si geni," akasema Luhende. "Mke wangu akinisema hapa, wanamsikia Kishapu."

"Luhende, nitakusema sasa hivi," mkewe akajibu kutoka juu ya jabali, na kweli tulimsikia wote.

Nikawaambia dunia ni mviringo na inazunguka. Luhende akasimama, akatazama miguu yake, akatazama nyumba yake. "Nimelala pale miaka arobaini," akasema, "na kila asubuhi mlango uko upande uleule. Labda inazunguka huko kwenu pwani."

Mwanangu, nilikasirika. Kuosha sahani miaka sita, halafu unachekwa na mtu anayetia kidole chake kwenye wino kuweka sahihi! Ndipo nikaitoa ile saa kwenye begi, nikaiinua juu. Shaba ikang'aa, watu wakasogea kutazama. Nikawaonyesha mshale, nikawasomea maneno moja baada ya jingine, nikasema, "Dhoruba kubwa inakuja. Mshale umepita hata mahali pa mwisho. Toeni michembe juani, ingizeni ndani leo."

"Mwezi wa saba?" akauliza mtu.

"Sayansi haina mwezi wa saba."

Sentensi hiyo niliipenda sana wakati ule.

Shangazi Kwandu akanisogelea, akaitazama saa kwa muda bila kuigusa. "Ng'wanawane," akasema polepole, "hiki kitu kimewahi kukuambia mvua inakuja, na wewe ukaiona ikinyesha?"

"Shangazi, mimi nina diploma."

"Najua. Mimi nauliza hiki kitu."

"Ni chombo cha nahodha. Kimevuka bahari."

"Na wewe umekuwa nacho siku ngapi?"

Nilikuwa nacho siku tano. Niliwageukia wale wengine nikaongeza sauti, nikasema anayetaka michembe yake ioshwe na maji aiache. Wanawake wakatazamana. Aliyeanza kukusanya ni mke wa Luhende, na akishaanza mmoja, nani atabaki? Shangazi alisimama juu ya jabali akiwa na kipande mkononi. Alijaribu kukivunja sikioni. Hakikulia, kilipinda. Akanitazama mimi na soksi zangu, mtoto aliyemlea, niliyerudi na karatasi mbele ya watu wote, na hakutaka kuniaibisha. Akainama, akaanza kukusanya.

Mpaka jua linazama jabali lilikuwa jeusi tupu, na vihenge vyote vya kaya zile vimejaa michembe mibichi. Luhende, pamoja na kicheko chake chote, alifunga paa lake kwa kamba za katani na kuingiza mbuzi wake chumbani anakolala.

Kesho yake mbingu zilikuwa za buluu, hakuna hata wingu la kusingizia. Nikasema dhoruba kubwa huchukua muda kujikusanya. Siku ya tatu nikasema huenda imezuiwa na milima. Siku ya nne Luhende alitoka ndani kwake macho mekundu, akaniambia, "Mwalimu, ama mvua ije leo, ama wewe uje ulale na hawa mbuzi." Mshale nao ulikuwa umelala palepale, haujasogea hata unywele, na badala ya mimi kujiuliza kwa nini, nikauona ni mshale wenye msimamo.

Siku ya saba ikaja harufu. Shangazi alifungua kihenge, akaingiza mkono, ukatoka na vipande vyenye ukungu wa kijani, vinashikana kama uji uliolala. Ilikuwa hivyo kaya zote tano. Waliitandaza tena juani, wakaokoa kidogo, robo labda, nayo ilikuwa chungu. Iliyobaki hata nguruwe pori wasingeila. Nilisimama pale na diploma yangu. Hakuna aliyenitukana. Ila vijana walitunga wimbo wa ngoma kuhusu bwana mmoja mwenye soksi ndefu aliyetoka pwani na mvua ndani ya begi, na nakuhakikishia ulikuwa wimbo mzuri, maana uliimbwa mpaka Nyahanga.

Kilichoniuma ni Shangazi. Jioni moja nilimkuta anahesabu kwa vidole miezi iliyobaki mpaka mavuno. Aliponiona aliuficha mkono ndani ya kanga.

Nikaondoka, nikaenda Geita. Wakati ule watu walikuwa wanamiminika huko kwa ajili ya dhahabu, na mtu anayejua kuandika hakukosa kazi. Nilipata ukarani kwenye kambi moja ya wachimbaji, siku ya kwanza tu niliyofika, kwa sababu ya diploma, na hilo ulikumbuke pia. Saa yangu niliitundika ukutani kibandani. Sikuweza kuitupa. Moyoni niliamini mvua ilikuja kweli, ila ilinyesha mahali pengine.

Siku moja aliingia Mihayo, Msumbwa mrefu aliyekuwa akimbebea vyombo mpima ardhi wa kambi. Hakujua kusoma hata herufi moja. Akaiona saa ukutani, akatabasamu.

"Karani, kumbe na wewe unapima milima?"

"Milima gani? Hiyo ni saa ya mvua."

"Ya mvua? Bwana wangu anayo kama hiyo, mimi ndiye ninayeibeba. Tukipanda kilima mshale unashuka kushoto, tukishuka mshale unapanda kulia. Anatazama, anaandika urefu wa kilima." Akaisogelea zaidi. "Lakini yako imelala kabisa. Uliitoa wapi?"

"Pwani."

"Ukaja nayo na treni?"

"Ndiyo."

"Na mshale ukashuka njiani?"

Mihayo aliniangalia, nikaona kicheko kinapanda polepole kutoka tumboni mwake kama maji kwenye chungu. "Karani! Huku kwetu ni juu, pwani ni chini. Treni ilikuwa inapanda mlima siku nzima! Huo mshale ulikuwa unakuambia umefika juu, nawe..." Habari ya michembe aliijua, maana nilijisifu kambini kwamba niliwahi kuokoa chakula cha watu na dhoruba, bila kutaja saa wala ukungu. Akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi, aliigeuza saa akanionyesha skrubu ndogo nyuma. "Bwana wangu akifika mahali papya anauliza kwanza pana urefu gani, anakaza hapa, mshale unarudi katikati. Baada ya hapo inajua mvua pia, kidogo kidogo. Wewe uliibeba tu kama mkungu wa ndizi."

Jumapili iliyofuata nilikaza ile skrubu, nikapanda kilima nyuma ya kambi peke yangu. Mshale ukashuka. Nikateremka, ukapanda. Nikarudia mara tatu, jasho likinitoka, soksi zimejaa miiba. Hilo ndilo jaribio langu la kwanza la sayansi, mwanangu, na nilikuwa na diploma tayari.

Nilifanya kazi pale mpaka mvua za kwanza zikakaribia. Kila nilichopata nilinunulia mtama, nikaupakia juu ya punda watano, punda mmoja kwa kila kaya, nikarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiandaa kusema habari nzuri nzuri. Nilipofika uani, watu wakakusanyika, nikasahau zote. Nikasema, "Nilidanganyika, na nikawadanganya. Mshale ulikuwa unaonyesha treni imepanda mlima. Nilijivunia kitu nisichokijua. Mtama huu ni wenu."

Luhende akajikuna kichwa. "Yaani saa inapima kilima? Hiyo ndiyo naikataa kabisa. Afadhali ile ya mvua."

Nikamwambia twende. Akakubali, na kijiji kizima kikatufuata, wanawake na mimba zao, wazee na fimbo zao, tukapanda kile kilima cha mawe kule juu ya malisho. Safari hii niliishika saa mbele yao, kila mtu aone mwenyewe. Kila baada ya hatua mia tulisimama, mmoja anatazama, anawaambia wengine mshale uko wapi. Shangazi Kwandu alitazama mara nyingi kuliko wote, akiweka ukucha wake kwenye kioo kuona mahali mshale ulipokuwa na ulipofika. Tulipofika kileleni, akainua uso. "Umeshuka," akasema. "Nimeuona mimi." Akacheka, akanishika bega mbele ya watu wote, na tangu siku ile aliizungumza saa hiyo kama yeye ndiye aliyeinunua.

Luhende alikuwa amekaa juu ya jiwe, anahema. "Sawa, umeshuka," akasema. "Lakini hata magoti yangu yameniambia tuko juu, na hayakwenda shule."

Mwanangu, habari mpya usiikatae kwa sababu tu aliyeileta amevaa soksi ndefu, maana huenda ni kweli. Mzungu yule aliruka bahari kweli, na alijisaidia wapi mpaka leo sijui. Wala usiibebe kuwapelekea watu eti kwa sababu imeandikwa au imetoka mbali. Kabla hujamwambia mtu aondoe chakula chake juani, jiulize wewe umeona nini kwa macho yako, na ulichoona kina maana gani nyingine. Ukiulizwa swali na asiyesoma, mjibu alichouliza, usimjibu cheo chako. Na ukikosea, maana utakosea, ukiri mbele ya walewale uliowakosea, na mikono yako iwe imebeba kitu.

Soma sana, upate diploma kubwa kuliko yangu. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi mzito wa kutangaza, akujalie watu watakaokuuliza maswali bila kukuogopa, na kihenge chako kisiwe kitupu mwaka hata mmoja.