Kubeba Namba ya Mama

Ilianza Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, kule Lilongwe, mama alipoweka simu yake juu ya kaunta ya mtandao mpya na kuniambia, "Haya, sema."

Sentensi nilikuwa nayo. Niliiandaa kwa Kiingereza tangu jana yake nikiwa kwenye foleni ya maji: mama anataka kuhamia kwenu bila kubadili namba. Si ndefu. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja tu: namba. Dada wa kaunta akasubiri. Mama akanikanyaga mguu.

Mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema. Darasani hata jibu nikilijua nanyamaza mpaka mwingine aseme, kisha najilaumu siku nzima. Lakini nyumbani mwenye Kiingereza na Kichewa ni mimi. Mama ana Kiswahili cha Bukavu na Kifaransa, na hivyo viwili nje ya kambi ya Dzaleka havimfikishi mbali. Kwa hiyo kila ofisi mimi ndiye natangulizwa.

Na hii ya Alhamisi haikuwa ofisi ya mchezo. Papa alibaki Bukavu tulipoondoka, alinde nyumba. Mwaka huu simu yake ilichukuliwa, na tangu hapo anapiga kwa simu za watu. Namba aliyo nayo kichwani ni moja tu, ya mama. Wiki tatu zilizopita alipiga. Mama aliacha cherehani ikizunguka yenyewe, akatoka nje, akapanda juu ya lile tofali ambalo nyumba nzima tunapanda kutafuta mtandao, kwa sababu upande wetu wa kambi laini yake inashika siku inayotaka yenyewe. Nilikuwa karibu, nikamsikia papa vizuri: "Sikia, kesho natoka huku, naenda ku..." Ikakatika.

Naenda ku. Nimeyaandika hayo maneno kwenye daftari langu mara nyingi, nikijaza mji huu, nikifuta, nikijaza mwingine. Toka siku ile hajapiga. Au amepiga, akaambiwa hatupatikani.

Mtandao mpya kwetu unashika hata ukiwa umelala kitandani. Jirani alimwambia mama anunue laini yao aache kuteseka. Mama akamjibu, "Na bwana yangu akipiga ile ya zamani, ataongea na nani? Na tofali?" Ndipo tukasikia kanisani kwamba siku hizi mtu anaweza kuhama na namba yake. Mama akaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda.

Basi pale kaunta nikajaribu tena, sentensi ikatoka vipande vipande, na yule dada akaviunga. "Ah," akasema, "mnataka kupoti."

Mama akanigeukia. "Amesema porter?"

"Karibu hivyo."

"Kwa Kifaransa njo kubeba. Basi muambie abebe."

Yule dada akachukua kadi ya ukimbizi ya mama, akaandika kwenye kompyuta, akatuonyesha viti vya plastiki. Tulikaa hapo zaidi ya nusu saa. Mama alikuwa akitazama simu yake kama mtu anayetazama mgonjwa aliyeingizwa kwa daktari. Tulipoitwa tena, yule dada alianza na "pepani", na Mmalawi akianza na pole namna hiyo ujue hupati.

"Mtandao wenu wa zamani umekataa," akasema. "Jina walilo nalo kwenye namba hii si jina lililo kwenye kadi."

Nilijua kabla hajamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama aliponunua ile laini, karibu na soko la Dzaleka, kwa wakala anayekaa chini ya mwavuli. Jina letu la ukoo lina R katikati. Kwa watu wa huku L na R hazigombani, mtu anaweza kutumia hii asubuhi na ile jioni kwa neno lilelile. Wakala alisikia L, akaandika L. Kisha akageuza mashine yake ya usajili tuhakikishe. Mama alikuwa ameacha miwani kwenye cherehani, akaniambia, "Angalia we mwenye macho." Nikaangalia. Nikaiona ile L imekaa palepale katikati ya jina letu. Nyuma yetu watu walikuwa wengi, na wakala alikuwa ameshaanza kutikisa goti. Nikasema, "Ni sawa."

Miaka mitano nimekaa nayo. Nilijiambia, herufi moja ni nini.

Tukavuka barabara mpaka duka la mtandao wa zamani, tukapanga foleni upya. Mwanamume wa kaunta ya huko akatazama na kukubali kwamba ndiyo, hapa kuna L.

"Muambie aweke R," mama akasema. "Ni kidole kimoja tu."

Nikatafsiri. Akasema marekebisho yanafanyika kwa mashine ya usajili, na mfumo wa mashine umelala tangu asubuhi.

"Unaamkaga saa ngapi?" mama akauliza.

Nikatafsiri na hilo. Yule bwana akacheka, halafu akasogeza uso kwenye kompyuta yake. "Lakini hapa panaonyesha mteja alithibitisha jina. Kwa nini mlikubali?"

Mama akanitazama, anangoja nitafsiri. Nikameza mate. Nikamwambia, "Anasema tungoje."

Tukangoja. Saa sita tukarudi kwa yule dada, kwa sababu mama alitaka nimwombe atusaidie hivyohivyo. Nikaomba. Alikuwa na huruma, nadhani, maana alijaribu hata kutuchekesha. "Kwangu mimi, mama, ni kitu kimoja. Mwenyewe nikilitaja jina lako natia L. Lakini hii kompyuta haikuzaliwa kwetu Dowa."

"Anasema nini?"

"Kompyuta si ya hapa."

"Hata sisi," mama akasema. "Na bado tunaelewana."

Saa tisa mfumo ulikuwa bado umelala. Yule bwana akatuambia, bila kututazama, kwamba si lazima turudi kwake. Wakala yeyote mwenye mashine anaweza kuirekebisha herufi hiyo kesho, kisha mtandao mpya waombe upya. Hata Dzaleka kuna wakala, akasema, anakaa karibu na soko chini ya mwavuli.

Nilitaka kulia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nauli, karatasi ya ruhusa, siku nzima bila cherehani, ili tuambiwe turudi kwenye mwavuli uleule. Mama aliirudisha simu kifuani, ndani ya kitambaa chake, akatangulia kutoka.

Tuliposhuka garini kwenye njia ya kambi, kabaza mmoja, mbeba abiria, akatupigia kengele ya baiskeli yake. Mama akatikisa kichwa, tukatembea. Nilihesabu miti kumi ya umeme ndipo nikasema.

"Mama, ile L niliiona."

"L gani?"

"Siku ile, kwa mwavuli. Uliniambia niangalie. Niliiona nikasema ni sawa."

Hakusimama. "Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na leo, ule bwana alikuuliza nini, nikaona umemeza mate?"

"Aliuliza kwa nini tulikubali."

"Na we ukaniambia tungoje."

"Ndiyo."

Afadhali angenipigia kelele. Alitembea tu, viatu vyake vikipiga vumbi, mpaka nyumba za kwanza zikaonekana. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Ule mdomo wako tuliubeba toka Bukavu. Tukapita nao mipaka tatu. Kama ungekuwa wa kukaa tu, tungeuacha kule, mzigo ungepunguka."

Baada ya hatua chache akaongeza, "Papa yako anapigaga kwa simu ya watu. Anaombaga. Na yeye ni mwenye haya kama we. Lakini anaomba."

Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, nilikuwa wa kwanza kwa mwavuli. Umepauka, lakini wakala ni yuleyule. Mama alikuja na kadi, kisha akasogea kwa muuza nyanya, akaanza kuchagua nyanya ambazo hakukusudia kununua. Miwani alikuwa nayo, kwenye mfuko wa sketi.

Mfumo ulikuwa umeamka. Nikamweleza wakala kwa Kichewa, akaandika, na nyuma yangu watu wakaanza kujaa. Akageuza mashine. "Ni sawa?"

Alikuwa ameandika L tena.

"Si sawa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na mtu mmoja nyuma akacheka. Wakala akaniuliza nataka nini basi, si ndivyo nilivyosema. Nikaiweka kadi ya mama juu ya goti lake, nikaweka kidole pale juu palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba sisi ni wakimbizi, kwa Kiingereza: REFUGEE. "R," nikamwambia. "Ile inayoanza hili neno. Hiyohiyo."

Akafuta, akaandika. Akageuza tena mashine na kutikisa goti. Nikalisoma jina letu kwa sauti, herufi moja moja, mpaka ya mwisho, na watu wakangoja. Kisha nikasema ni sawa, nikamwita mama aje aweke kidole kwenye mashine.