Orodha Niliyoifuta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna wenzangu wa Kamembe waliovuka mpaka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, mara nyingi kuliko mimi nilivyovuka barabara yetu. Kwa hiyo mama aliposema nimemaliza sekondari, sasa nikakae naye sokoni kuuza vitenge, nilimjibu haraka kwamba maduka ya siku hizi yako kwenye kompyuta, na la kwake nitalijenga mwenyewe, chumbani.

"Sawa, Papa," akasema. Papa ni baba; ndivyo anavyoniita mimi mwanawe akitaka kunibembeleza au kunitisha. "Jumamosi nione vitenge vyangu mule ndani. Nisipoviona, Jumatatu tutabeba marobota pamoja."

Binamu yangu wa Bukavu, fundi wa kazi hiyo, alinipa kwenye flashi tovuti aliyokwisha kuianza. Tovuti haisimami peke yake: inaazima vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na kila kifurushi kina matoleo, la zamani na jipya. Katika mafaili yake niliona moja refu ajabu, mistari mitupu ya majina na namba. Nikaona ni takataka. Nikalifuta kwa moyo safi.

Kisha nikaamuru vifurushi vishuke. Vikashuka, vyote vipya kabisa, vikaanza kugombana. Cha picha kilikataa kukaa na cha menyu mpaka menyu irudi toleo la zamani. Nikairudisha, cha kikapu kikanuna. Nikatumia amri ya kulazimisha, ambayo nadhani ilitungwa kwa ajili ya watu kama mimi. Skrini ikawa nyeupe pe.

Ijumaa mchana mama alinikuta nimeshika kichwa. Nikamweleza.

"Kwa hiyo ulikamata vipya tu, bila kuangalia vile mwenzako alitumia?"

"Kipya si ndicho kizuri, Maman?"

Akanionea huruma, akafungua daftari lake. Akiuza sare ya harusi, hukata kijipande cha kitenge, akakibana humo kwa pini na kuandika kimetoka robota gani. Ua lile lile la robota jingine huja na wekundu mwingine, na shangazi aliyechelewa kununua ataonekana amealikwa harusi ya jirani.

"Nisipochunga hiki, batu batanipiga," akasema, akimaanisha watu wa harusi hizo. "Cousin yako hakuchunga kitu?"

Alichunga, alitunza kila namba. Faili lile refu ndilo lililosema kila kifurushi kichukuliwe toleo gani. Nikampigia binamu simu.

"Vuka uje ukamate," akasema, akicheka.

"Nitumie kwa simu."

"Utakufa bila kuona Bukavu, weye."

Alinisumbua hivyo mpaka alasiri, ndipo akatuma. Nikafuta vifurushi vyote, nikarudisha orodha mahali pake, nikavishusha upya kama ilivyoandikwa. Hakuna kilichogombana.

Jumamosi mama alitazama vitenge kimoja kimoja. "Vizuri. Basi duka liko huku sasa."

Jumatatu hakunipeleka sokoni. Alileta marobota manne chumbani kwangu, kwa sababu walioona picha kwenye tovuti walitaka kuja kugusa; hapa kwetu hakuna mwanamke anayenunua kitenge bila kukisugua kwa vidole. Wa kwanza, mama mmoja wa heshima zake, aliniambia nisogeze miguu, akaketi kitandani, akapima kwa kidole gumba shuka niliyoilalia.

"Na hii," akamuuliza mama yangu, "iko kwa tovuti?"