Mama Jicho na Slaidi Moja

Kwa miaka ishirini na sita mpimaji mmoja alikalia kiti kilekile cha maabara, akitafuta vimelea vya malaria kwenye matone ya damu. Madaktari walimwita Mama Jicho. Akisema vimo, vimo. Akisema hakuna, hakuna aliyebisha.

Kisha ikaletwa kompyuta yenye kamera, inayosoma damu yenyewe. Mkuu wa maabara akaijaribu kwa slaidi mia mbili za zamani, vile vioo vyenye matone ya damu, zote zilizokwisha kusomwa na Mama Jicho. Ilizimaliza chai haijapoa. Walipishana kwenye moja tu: kompyuta ilisema vimo.

"Labda imekosea, dada," mkuu alisema.

Mama Jicho akainamia darubini. Alitafuta mpaka shingo ikamuuma. Kikaonekana: kimelea kimoja, kimejibanza pembeni. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameandika "hakuna."

"Mgonjwa alikuwa nani?"

"Hizi hazina majina. Ni namba tu."

Nyumbani alimsimulia mumewe. Mumewe akamtania, "Kosa moja kwa mia mbili! Mimi nakosea chumvi kila siku na hujaniacha."

"Chumvi haiui mtu, baba watoto."



Tangu hapo akawa anasoma slaidi moja mara tatu, foleni ikirefuka hadi mlangoni. Asubuhi moja kompyuta ikasema mtoto mchanga amejaa vimelea. Mama Jicho akatazama, akaona kama takataka za rangi tu, ile inayopakwa kwenye damu ili vimelea vionekane.

"Wewe unasemaje?" mkuu aliuliza.

 Zamani angejibu bila kupepesa. Mama wa mtoto alikuwa amesimama pale, akiwaangalia usoni mmoja baada ya mwingine.

"Sijui," alisema, na neno hilo likamtisha kuliko mashine yenyewe. "Tumtoe damu tena. Nitachuja rangi upya."

Mtoto akachomwa, akalia. Slaidi mpya ilikuwa safi, na safari hii kompyuta nayo ikakubali. Daktari akagundua ni homa ya sikio.

"Umeishinda!" mkuu akacheka.

Mama Jicho hakucheka naye; aliifuta darubini na kuifunika.

"Ikikosea, inaenda slaidi inayofuata," alimwambia mumewe jioni ile. "Mimi bado namtafuta yule mgonjwa asiye na jina."

Siku hizi husoma yeye kwanza, kompyuta baadaye. Kila anapongoja jibu la mashine, hushika ukingo wa meza, akimwomba Mungu wasipishane.