Mtu Niliyemwacha Juu ya Kilima cha Puta

Kutoka Nchelenge mpaka Puta barabara inafuata ziwa upande wa Zambia, na nyuma ya Puta ndipo vilima vinapoanza. Nilikipanda kilima chetu mara ya kwanza mwaka wa pili tangu tuvuke kutoka Kongo. Nilikuwa nimekwenda Puta kununua chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, na mwanamke aliyenipa mahali pa kulala akaniambia kwamba kutoka juu mtu anaona Pweto, mji wetu. Sikumwamini. Asubuhi nikapanda peke yangu na sandali za plastiki, nikashika majani, nikateleza, nikapumzika mara tatu. Nilipotoka kwenye miti ya masuku ziwa lote lilikuwa chini yangu. Ng'ambo, pale maji yanapoingia mtoni, mabati yalikuwa yanameta. Sikuweza kutambua paa letu, lakini nilijua soko liko upande gani, na kutoka sokoni nilijua pa kupeleka macho.

Nilichofanya pale juu siku ile, nilimgombeza mama yangu. Nilimgombeza kwa sauti, na yeye alikuwa amekwisha kufa.

Tulipokimbia nilikuwa na watoto wawili wa marehemu dada yangu, na mama, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kiasi cha kushindwa kufika hata kwa jirani. Mwenye boti alikuwa mtu wa mtaa wetu. Zamani alikuwa anavusha chumvi na sabuni. Wiki ile alikuwa anavusha watu. Nilimpa cherehani yangu ili atuvushe sote wanne. Akatuweka mimi na watoto kwenye safari ya kwanza.

"Kambo atakuya mu safari ya pili," aliniambia. Kambo ni bibi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mama. "Mi mwenyewe nitamubeba ku mugongo."

Tulingoja ufukweni upande wa Zambia siku mbili. Boti ikaja, mizigo ikashushwa, watu wakashuka, nikawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Mama hakuwamo.

"Mama yako alikatala," yule mtu akasema, huku anafunga kamba, bila kuniangalia. "Anasema hawezi kufia mu inchi ya bantu bengine. Nilimubembeleza, akanitukana."

Nilimwamini, kwa sababu mama alikuwa na mdomo mkali na maneno yale yalifanana naye. Tukapelekwa kambi ya Kenani, halafu kwenye makazi ya wakimbizi ambako tulipewa shamba. Baada ya miezi kadhaa habari ikafika kwamba mama amefariki, na kwamba watu waliokuwa wanapita ndio waliomzika, katikati ya mihogo ya mtu. Sikulia vizuri. Kila machozi yalipotaka kutoka, nilikuwa nasikia: alikatala. Nilifikiri alichagua kutuacha yatima watatu, mimi nikiwa mmoja wao, ili asiondoke kwenye kiti chake cha barazani. Hiyo ndiyo hasira niliyopanda nayo kilima.

Nilirudi Puta kila nilipoenda kununua samaki, na kila mara nilipanda. Jirani akaomba kuja, kwa sababu naye alitaka kuona kwao. Baada yake wakaja wengine wawili, halafu kikundi cha akina mama wa kanisa letu la Nchelenge, Jumamosi moja kila mwezi, katika kipindi cha jua. Kuna siku muzungu mmoja wa shirika alikuja nasi, mama wa makamo mwenye fimbo mbili za kutembelea. Alipofika juu alikaa chini, akacheka. Alisema kwao kuna vilima vilivyojaa mizabibu juu ya bahari, na watu wanapanda asubuhi kwa ajili ya kutazama tu, na kwenye mifuko yao kuna mkate na divai. Akina mama wakasema kwamba hilo sisi pia tunaliweza. Tangu siku hiyo nilikuwa nabeba chupa ya divai ya masuku. Naipika mwenyewe: naponda matunda, naweka maji na sukari, naacha siku zake zitimie, nachuja kwa kitambaa. Kila mtu anapata kikombe kimoja, anatazama kwao, na baadaye tunashuka.

Jumamosi moja alikuja mama mgeni aliyekuwa amehamia makazini hivi karibuni. Nilimfahamu kwa sura; alikuwa anauza mafuta ya mawese karibu na soko la Pweto. Tulipofika juu aliangalia ng'ambo, halafu akaniangalia mimi, akaanza kulia.

"Yaya, dada yangu, unisamehe," alisema. "Nilikuwa mu ile boti ya pili."

Nikamvuta pembeni, mbali na wengine.

"Kambo alikuwa ameshaikala ndani," akasema. "Ameshika kifurushi chake. Basi yule bwana akaleta frigo yake na matela ya kulalia. Nafasi ikakosekana. Akamushika kambo mu makwapa, akamutosha inje ya boti, akamuweka ku muchanga. Akamuambia, ngoja hapa kidogo. Sisi wote tukanyamaza. Kila mutu aliogopa atatoshwa."

"Hakukataa?"

"Akatae nini? Alikuwa anaita jina yako mpaka hatukumusikia tena."

Sikumbuki tulivyoshuka. Nakumbuka kwamba kwa wiki nzima nilimwomba mama msamaha nikiwa shambani, napalilia na kuongea, mpaka watoto wakaniuliza kama ninaumwa. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea yeye ilihitaji pa kwenda, na nilijua pa kuipeleka. Sikujua tu huyo mtu yuko wapi.

Alijileta mwenyewe. Mwaka jana, kipindi cha jua, nikamwona kanisani Nchelenge, benchi la mbele. Alikuwa na tumbo, shati la kitenge lililopigwa pasi, viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa. Sasa alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa kwenda na kurudi Kongo, na siku hiyo ndiye aliyesoma maombi. Aliwaombea wazee na wote waliopoteza wazazi wao vitani. Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Hakunitambua. Nimekonda, na nywele zimekuwa nyeupe. Baada ya misa alikuja mwenyewe kunisalimu.

"Mama, banasema we njo unapelekaka bantu ku kilima," alisema; njo kwetu ni ndiyo. "Mi pia nataka nione kwetu. Kongo mi naendaka upande ingine; ile nyumba yangu ya Pweto sijaiona tangu vita."

"Bila shida, Papa. Kikundi kitapanda mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi nitakuwa Kongo."

"Basi Jumamosi hii. Nitakupeleka peke yako."

Alinishukuru. Mkono wake ulikuwa laini.

Siku zile za kungoja nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa padri. Nilipika, nilifua, niliimba. Nilifikiria mwamba ulio upande wa kaskazini wa kilima, ambapo mtu akisukumwa hasimami mpaka chini, na nililifikiria jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayepanga atapika nini kesho. Niliacha wazo hilo kwa sababu ya watoto wa dada yangu, ambao wangebaki na nani. Lakini Ijumaa nilitangulia Puta, nikatafuta njia ya nyuma, ile ya wachoma mkaa, ambayo ina mawe makali na inagawanyika mara nyingi. Niliipanda na kushuka mpaka nikaijua vizuri.

Jumamosi alifika na vile viatu vyeusi, na mwavuli. Nilimpitisha njia ya nyuma.

"Hakuna njia ingine, Mama?"

"Hii njo ya karibu, Papa."

Nilitembea haraka. Kila alipokaa nilisimama, na kila alipoanza kupumua vizuri niliondoka. Shati lililowa. Alishika miti, miti ikamchoma. Aliniuliza sijui mara ngapi kama tumefika, na nilimjibu bado kidogo, kwa sauti nzuri kabisa.

Tulipotokea juu jua lilikuwa karibu na utosi. Alijitupa chini, akavua viatu na soksi. Visigino vilikuwa vimechubuka. Nilimpa kikombe cha divai. Akanywa, akainua macho, akaona Pweto, akaanza kulia, machozi ya kweli. Alinionyesha kwa kidole palipokuwa na nyumba yake. Nilimwacha alie mpaka amalize. Nikamwongezea kikombe cha pili.

"Papa, zamani ulikuwa na boti?"

"Eeh. Nilivusha bantu mingi sana. Mungu anajua."

"Ulivusha kambo mumoja, wa miguu yenye kuvimba, karibu na soko?"

Kikombe kilisimama njiani kwenda mdomoni. Aliniangalia uso, halafu mikono, halafu uso tena.

"Mama wa cherehani," akasema.

"Uliniambia alikatala."

"Boti ilikuwa imejaa."

"Na nini?"

"Na bantu, Mama. Vita ilikuwa."

"Na nini, Papa?"

"Matela," akasema. "Na frigo. Lakini ningemurudia kambo. Nakuapia, ningemurudia, njo basoda na bunduki bakafika."

"Kwa nini ulimusingizia?"

Akaanza kuvuta soksi zake, avae. Ningesamehe frigo, labda, baada ya miaka mingi. Yale maneno aliyonipa ufukweni, yaliyonifanya nimchukie mama aliyekuwa anaita jina langu, hayo sikuona njia ya kuyasamehe, na mpaka leo sijaiona.

Nikasimama. Nikachukua chupa ya maji, nikaiweka kwenye mfuko. Nikachukua viatu vyake, vyote viwili. Divai nilimwachia.

"Ngoja hapa kidogo," nikamwambia.

Nilishuka kwa njia yetu ya kawaida, ile rahisi ambayo sikuwa nimemwonyesha. Karibu na nusu kuna jiwe pana, na nilikaa pale. Alianza kuita baada ya muda mfupi. Kwanza ilikuwa "Mama! Mama we!" kama mtu anayemwita muuzaji. Halafu akatukana, matusi ya bandarini. Halafu akaanza kuomba msamaha, akataja Mungu, akataja watoto wake. Viatu vilikuwa juu ya magoti yangu. Soli ya ndani ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeliwa kisiginoni. Nilifurahi. Sitaandika kwamba sikufurahi. Nilisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio, na sauti ilipochoka nikasikitika kidogo kwamba imechoka upesi. Ilikuwa mchana, hana risasi nyuma yake, ana miguu miwili mizima ya kumshusha. Mama yangu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Nilifika Puta nikakaa kwa yule mwenyeji wangu, nikanywa chai.

"Mugeni wako iko wapi?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha biashara.

"Anashuka polepole," nikasema.

Wachoma mkaa walimleta alasiri, kabla jua halijapungua ukali. Walikuwa wamempandisha nyuma ya baiskeli, na miguu imefungwa kwa vipande vya lile shati la kitenge. Midomo ilikuwa imekauka. Watu wakakusanyika wakamuuliza kimetokea nini. Aliniangalia. Nilimwangalia na mimi, nikingoja aseme.

"Nilipotea," akasema.

Nilitoa viatu kwenye mfuko nikampa mbele ya watu wote. Alijaribu kuvivaa. Miguu haikuingia.

Jumapili mbili hakuonekana kanisani, kisha akaja akakaa nyuma. Wakati huo minong'ono ilikuwa imeshaanza, na viongozi wa akina mama wakaniita baada ya misa.

"Tunasikia ulimuacha Papa peke yake ku kilima," alisema mkubwa wao. "Na ulibeba maji."

"Na viatu," nikasema.

"Ju ya nini, Mama?"

Niliwaeleza nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, ambako watu walikuwa bado wanasalimiana. Nilitaja cherehani, nilitaja frigo, nilitaja muchanga. Yule muuza mawese alisimama pembeni yangu akasema, "Ni kweli, nilikuwa ndani ya boti, na mimi nilinyamaza." Yule mtu aliondoka katikati ya maneno yangu, anachechemea. Baadaye tukasikia amehamishia biashara yake upande wa Mofwe, ambako hakuna anayemjua. Nilipenda kusikia hivyo. Ningependa zaidi kusikia kwamba hata huko habari imefika, na nimehakikisha kwamba imefika: madereva wa samaki wanapenda hadithi.

Padri aliniita pia. Alitaka niende nikamwombe msamaha, au angalau nikubali kuombwa. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Ananiuliza kila mwezi, kwa upole, na kila mwezi namjibu vilevile, na sote wawili tunajua kwamba sifikiri.

Niliogopa kwamba akina mama hawatataka tena kupanda na mimi. Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na wawili, zaidi ya siku zote, wamevaa raba na kanga kiunoni. Kitu kimoja tu kimebadilika. Zamani walikuwa wanatawanyika njiani, kila mmoja na mwendo wake, wengine wakichuma masuku. Sasa wananifuata kwa karibu, wote kwenye mstari, kila mtu amebeba maji yake mwenyewe, na nikiingia kichakani kujisaidia, wanasimama wote kumi na wawili kunisubiri, na mmoja anaita, "Mama, bado uko?"