Barua za Shangazi kwa Mashine

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na mtu yeyote pale. Alikuwa mwandishi wa programu wa miaka hamsini na sita, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, na kiti chake kilikuwa na mto alioushona mwenyewe. Walikuwa watu sita, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, wakitengeneza programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa wa zahanati.

Kila mstari waliouandika ulikaguliwa kwanza na mashine. Ikiona kitu kinachofanana na nenosiri, inapiga kelele na kuukataa. Tatizo ni kwamba ilikuwa na kiherehere: hata kwa nenosiri la kuigiza, la majaribio tu, iling'aka. Dawa yake ni kuandika maelezo mwishoni mwa mstari, kuiambia hapa nyamaza. Wenzake waliandika "nyamaza" wakaenda zao. Shangazi, thubutu! Yeye aliweka sababu, tarehe na jina: "La kuigiza, halifungui mlango wowote. Shangazi."

"Anaiandikia mashine barua," walimtania. "Bado majibu tu."

"Chekeni. Atakayekuja kesho atamuuliza nani?"

Aliyemsumbua zaidi, na ambaye Shangazi alimpenda zaidi, ni jirani yake wa meza waliyemwita Bubu. Fundi kweli kweli, lakini maneno yake ya siku nzima yangeenea kiganjani, na jina lake hakuliandika popote.

Kila mwanzo wa mwezi Shangazi alipitia mistari yote iliyonyamazishwa, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Hakuna aliyemtuma. Jumatatu moja asubuhi akafika kwenye mstari wake mwenyewe wa miaka sita nyuma. Barua yake ilikuwapo, na jina lake pia. Nenosiri ndilo lilikuwa geni. Akalijaribu. Mafaili ya wagonjwa yakafunguka, majina na maradhi yao.

Historia ya faili la programu, inayojiandika yenyewe, ilionyesha aliyelibadilisha: Bubu, Ijumaa iliyopita, siku mkewe alipopelekwa kujifungua. Aliweka la kweli ajaribu kitu, simu ikaita, akakimbia. Mashine haikusema neno, kwani Shangazi alikwisha kuiziba mdomo. Na mkuu wa ofisi alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: ukiacha nenosiri la kweli ndani ya programu, unafungasha virago.

Akalibadilisha nenosiri kwanza, akahakikisha hakuna mgeni aliyeingia. Angeweza kuishia hapo, akafunika kombe mwanaharamu apite. Badala yake alimwendea mkuu.

"Niliandika kwamba halifungui mlango wowote, na limefungua. Jina pale ni langu. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

"Shangazi, aliyeliweka naweza kumwona mwenyewe."

"Mwone. Ila aliyemfungulia njia ni mimi."

Ukuta wa pale ulikuwa wa mbao nyembamba. Aliporudi mezani, Bubu, aliyeingia kazini wakiwa bado wanazungumza, alikuwa amesimama. Hakumtazama. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu, akafunga mlango, na ofisi nzima ikasikia sauti yake ikisema, ikaendelea kusema, hadi watu wakaacha kuchapa.

Hatimaye mkuu akatoka. "Watu wawili wanagombea kosa moja, nimfukuze nani? Rudini kazini. Na kuanzia leo, hakuna mstari wa kunyamazishwa daima. Kila ruhusa itakufa baada ya mwezi."

Mchana Shangazi alifungua faili lile. Barua yake ilikuwa imefutwa, na mahali pake pana nyingine: "Niliweka nenosiri la kweli hapa nikasahau. Shangazi ndiye aliyeliona. Mstari huu usinyamazishwe tena." Chini yake, jina kamili la Bubu, lake na la baba yake.

Shangazi alijikuta anafuta miwani. Alimpenda mno kijana huyu, na ndiyo maana hakumwachia.

"Sababu umeweka, jina umeweka," alisema. "Tarehe je?"

Bubu akavuta kibodi, akaandika tarehe ya Ijumaa. Akasita kidogo, kisha akaongeza: "siku aliyozaliwa binti yangu."