Mahali pa Kijiko

Siku hizi mtoto akikosa shule, simu ya mzazi ndiyo inayojua. Pale mlangoni wameweka mashine ya kubonyezea kidole. Isipokiona kidole inatuma ujumbe, na habari imekwisha. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyejibu. Wanayaita maendeleo. Mimi sikukanyaga darasa, kusoma kwangu ni kwa kudokoa, herufi hapa, neno pale, kwa hiyo huenda maendeleo hayanihusu. Lakini mdogo wangu ananihusu. Nimemzika, na nisipomsimulia mimi sijui nani atamsimulia.

Watoto walimwita Mwalimu Yuko-Wapi. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ya kanisa tangu usichana wake mpaka magoti yalipomkatalia kuchuchumaa. Mtu asiyeweza kuchuchumaa hafundishi darasa la kwanza, alikuwa akisema, maana nusu ya mambo ya mtoto yanasemwa chini ya meza.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alinitia mimi kwenye useremala, yeye akamtia shule, na sikuwahi kulalamika kwa sababu shule aliirudisha nyumbani kila jioni. Alinikalisha juu ya gogo, akaandika herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, na nikikosea alinigonga kwa mwiko. "Kaka, kichwa chako ni cha mvule," aliniambia. "Kinapendeza, lakini msumari hauingii."

Alipopewa darasa lake, madawati nilimtengenezea mimi. Yalikuwa ya watu wawili wawili: kiti kirefu kimoja, ubao mmoja wa kuandikia, miguu minne. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake anatikisika. Ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Wakubwa wanadhani mtoto akipelekwa shule ya kanisa anafundishwa Biblia. Mtoto wa miaka sita anafundishwa kwanza kukaa karibu na mtu mwingine bila kumfinya. Anafundishwa kufumba macho wakati wa sala, na sala ikiisha mwalimu anauliza nani kafumbua.

"Huyu, Mwalimu! Nilimwona!"

"Wewe ulimwonaje?"

Hapo darasa zima linaangua kicheko, na mshitaki anaingiza kichwa ndani ya kola. Anafundishwa kuhesabu kwa vizibo vya soda, na anafundishwa kwamba kizibo alichokitia mfukoni nacho kinahesabiwa. Na mwanzo wa kila mwaka anasimuliwa habari za mchungaji mwenye kondoo mia, mmoja kapotea, akawaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta.

Mwaka mmoja, ualimu wake ukiwa bado mchanga, katoto ka dawati la mbele, kamasi zinatiririka, kaliuliza: "Mwalimu, na wale tisini na tisa aliwaacha na nani?"

Mdogo wangu aliniambia kwamba chuoni hawakumfundisha jibu la swali lile. Alifikiri kidogo, akasema, "Aliwaachia wao wenyewe. Kila mmoja alimwangalia aliye ubavuni pake."

Ndipo ilipoanza desturi ya darasa lile. Asubuhi majina yakiitwa, aliyekuwepo aliitika mwenyewe. Asiyekuwepo aliitikiwa na mwenzake wa dawati. Tena haikutosha kusema hayupo. Mwalimu alikuuliza, "Yuko wapi?" nawe ulipaswa kujua. Kama hukujua, jioni ulipita kwao ukajua.

"Hayupo, Mwalimu."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwao, ndani ya shuka. Mama yake kafua sare, haijakauka."

"Umejuaje?"

"Nimechungulia dirishani. Kanirushia kandambili."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikipiga randa barazani, na ile ya kandambili watoto walirithishana mwaka hadi mwaka. Nilikuwa napewa kazi ndogondogo pale, bawaba hii, komeo lile, na mengine ninayoyasimulia niliyaona kwa kuwa fundi haonekani na watu.

Basi ukaja mwaka wa Kijiko. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mshonaji, mjane, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Jina hilo alilipata kwa sababu alitembea na kijiko katika mfuko wa shati. Nilimwuliza siku moja cha nini. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Fundi, huwezi kujua. Mtu anaweza kukukaribisha ghafla."

Alikuwa msemaji. Alisema wakati wa hesabu, alisema wakati wa sala, na alipokatazwa kusema aliimba. Mdogo wangu alimkalisha dawati la dirishani pamoja na msichana waliyemwita Kimya, kwa kuwa tangu aingie darasani hakuna aliyesikia sauti yake. Akiitwa jina, aliinua mkono.

"Kaka, leo nimeweka redio karibu na ukuta," mdogo wangu aliniambia jioni ile, akijimiminia chai. "Tuone nani atachoka kwanza."

Hakuna aliyechoka. Kijiko alisema, Kimya alisikiliza, miezi ikapita. Kisha asubuhi moja mahali pa Kijiko pakawa wazi. Jina lake lilipoitwa, darasa liligeuka kumtazama Kimya. Mdogo wangu alitaka kupita amwendee wa pili, kwa kumwonea huruma. Kimya akasimama.

"Hayupo. Ana homa. Kanipa kijiko chake nimshikie."

Watoto walishangaa mpaka wakasahau kucheka. Sauti yenyewe ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Homa ile haikumwachia Kijiko. Alipelekwa hospitali siku ya Jumatano akiwa amebebwa mgongoni, na kabla ya Jumapili tukamzika. Jeneza nilitengeneza mimi. Sitaki kulisemea.

Pale makaburini mama mshonaji alimshika mdogo wangu mkono asiuachie. "Mwalimu," alisema, "usimfute upesi."

"Simfuti, dada. Mpaka shule ifungwe mwishoni mwa mwaka, jina lake litaitwa."

Jumatatu akaliita. Alikuwa amekusudia kuliita tu, watoto wainamishe vichwa, apite. Lakini Kimya alisimama. "Hayupo," akasema, na hakukaa. Alibaki anamtazama mwalimu, anangoja lile swali la pili. Ndivyo alivyofundishwa.

"Yuko wapi?" mdogo wangu akauliza, na aliniambia hajui sauti aliitoa wapi.

"Yuko kaburini. Na mama yake yuko kwenye cherehani, lakini hashoni. Anazungusha gurudumu tu. Nilikaa naye."

Tangu siku hiyo, kila jioni Kimya alipita nyuma ya soko akiwa na kile kijiko. Mama mshonaji alimpa chai, akaikoroga kwa kijiko cha mwanawe, wakakaa. Na kila asubuhi darasa likapata habari. Jana hakula. Jana kala kidogo. Jana katia uzi kwenye sindano. Watoto wale, ambao mbele ya mchungaji wa kanisa hawakutulia hata kwa dakika moja, walisikiliza habari za yule mama kama wanavyosikiliza mvua usiku. Siku Kimya aliposema, "Jana kacheka, nilimwambia ile ya kandambili," wakapiga makofi.

Hayo ndiyo waliyojifunza. Mnioneshe kitabu chochote cha siku hizi chenye somo hilo.

Kisha akaja mama yake Kimya. Mwanamke nadhifu, karani wa ofisi, viatu vyake havina vumbi. Mimi nilikuwa barazani na bawaba ya mlango. Mdogo wangu alimtolea kiti, akakataa kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikuja kwa ugomvi. Lakini mwanangu ana miaka sita, na kila asubuhi anasimama mbele za watu anataja kaburi."

"Anamtaja rafiki yake, mama."

"Nyumbani hasemi, Mwalimu!" Hapo sauti ilimvunjika. "Nimemzaa, namwogesha, namchana nywele, hanipi hata neno. Juzi nikamfuata. Nikasimama nje ya mlango wa yule mwanamke. Anaongea! Anaongea kama kasuku, anacheka, anamwita mama. Na mimi niko nje kama mwombaji. Yule kafiwa, namwonea huruma, Mungu anajua. Lakini wangu yu hai, na simpati."

Nilimtazama mdogo wangu, ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya watu. Alikirudisha kiti mezani. Ningependa kusema yule mama alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo.

Mwalimu mkuu akaitwa. Naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa taratibu. Akasema mzazi ana haki. Akasema tena nafasi ile ina mtoto anayeingojea, anakuja getini kila juma na baba yake.

"Nilimwahidi mama yake," mdogo wangu akasema. "Mpaka shule ifungwe."

"Uliahidi wewe, Mwalimu. Shule haikuahidi. Kesho jina lisiitwe. Nitakuja nikae nyuma."

Alikuja kweli, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani. Katika hali nyingine watoto wangecheka. Mdogo wangu akaanza kuita. Alipofika dawati la dirishani, alimwita Kimya. Kimya akainua mkono, akaushusha, akasimama kabisa tayari kumjibia mwenzake, kama kila siku.

Mdogo wangu akaita jina la dawati lililofuata.

Kimya hakukaa. Labda alidhani mwalimu kasahau, kwamba atarudi. Majina yakaenda, wakaitika mmoja baada ya mwingine, dawati kwa dawati mpaka ukutani, na yeye kasimama, mkono mmoja juu ya mfuko uliokuwa na kijiko. Majina yakaisha.

"Kaa, mwanangu," mdogo wangu akamwambia.

Akakaa. Kabla ya mchana yule mtoto mpya akaletwa, akaonyeshwa mahali, naye masikini akakaa na kutabasamu. Kengele ya kutoka ilipolia, Kimya alipita mezani kwa mwalimu, akaweka kijiko, akaenda zake. Mama yake alikuwa anamngoja getini. Katika darasa lile hakusema tena, na mwaka uliofuata wakahama mtaa. Kama mama yake alikuja kumpata, sijui. Namwombea awe amempata.

Jioni hiyo mdogo wangu alikwenda nyuma ya soko na kile kijiko. Alinieleza mara moja tu, na sikumwuliza tena. Alisema mlango ulikuwa wazi, cherehani inalia, vikombe viwili vya chai viko juu ya kigoda, kimoja kimefunikwa kisipoe. Mama mshonaji aliinua macho, akatazama nyuma yake, chini kidogo, pale anapofika kichwa mtoto.

"Yuko wapi?" akauliza.

Mdogo wangu, aliyelifundisha swali hilo kwa watoto wa watu miaka yote ile, alinyoosha mkono akatoa kijiko.

Yule mama alikipokea, akakifuta kwa kanga yake ingawa hakikuwa kichafu. "Basi," akasema.

"Nitakuja mimi, dada. Kila siku nitakuja."

"Hapana, Mwalimu. Usijichoshe. Wewe ulimfundisha tu. Yule mtoto alikaa naye dawati moja."

Alikwenda hata hivyo, kesho na kesho kutwa. Alikuta mlango umefungwa na cherehani inalia ndani. Baadaye alikuta mlango umefungwa na hakuna kinacholia. Jirani akasema kahama, kwa ndugu, hakusema wapi.

Mdogo wangu hakuacha kazi. Watu wanapenda kusikia kwamba mtu akivunjika moyo anaacha kila kitu. Wenye njaa hawaachi. Alifundisha miaka mingi baada ya hapo, akachuchumaa, akahesabu vizibo. Watoto waliendelea kumwita Yuko-Wapi bila kujua jina lilitoka wapi, maana swali lenyewe hakuliuliza tena. Asiyekuwepo alikuwa hayupo, basi. Na habari za kondoo mia hakuzifundisha tena. Alimwachia katekista, na siku hiyo yeye alikwenda nje kukung'uta vumbi la chaki.

Alipostaafu akaja kukaa kwangu, kwa kuwa mke wangu alikuwa ametangulia na hakuna aliyebaki wa kunigonga kwa mwiko. Wakati huo shule ilipata uongozi mpya, wasomi, wakasema watoto wanaigiliziana, kila mmoja akae peke yake. Wakaniita. Kazi ilikuwa kuyakata madawati katikati, na kila nusu kuiongezea miguu miwili isimame. Niliyakata niliyoyaunga kwa mikono yangu. Msumeno haujui.

Dawati la dirishani sikulikata. Nililibeba kwa mkokoteni mpaka nyumbani, nikalipangusa, nikaliweka chini ya dirisha lake, nikamwita atoke aone. Nilidhani namletea zawadi.

Alilitazama muda mrefu, fimbo mkononi. Hakukaa.

"Hili nalo ungelikata, kaka."

"Sikuweza."

"Unaweza. Lete msumeno."

"Mdogo wangu, acha. Nitaliweka nyuma ya nyumba, hutaliona."

"Nitajua liko. Lete."

Nikaleta. Mbao ndefu ikikatwa na mtu mmoja hupasuka vibaya mwishoni, inataka mtu wa kuishikilia upande wa pili. Yeye alilijua hilo tangu utoto wetu. Aliegemeza fimbo ukutani, akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akashika upande wa Kijiko kwa mikono miwili, na mimi nikakata. Mbao ilipoachana alibaki ameishikilia, asiiweke chini, mpaka nilipoipokea.

Hakuniambia niongeze miguu, nami sikuongeza.