Milima Ilivyo Ukisimama Kibumba

Kwa miaka kumi na moja nilifundisha jiografia ya milima ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Nilizaliwa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, katika nyumba iliyojengwa juu ya lava kavu, na baba yangu, mfanyabiashara aliyetoka Maniema, alitulea tukitazama upande wa ziwa. Bidhaa zake zilifika kwa boti pale gatini Kituku, na habari zake zote zilikuja na boti. Milima ilikuwa nyuma yetu kama ukuta wa uani. Asubuhi ukitoka kumwaga maji unauona Nyiragongo na moshi wake, saa sita wingu linaufunika, basi. Hakuna mtu wa kwetu aliyeuliza nyuma yake kuna nini. Jumapili vijana walipanda kilima cha Mont Goma mbio, na wageni wenye mabegi na fimbo walipita kwenda Kibati ili wapande volkano yenyewe. Niliwashangaa. Mtu mzima anapandaje mlima wakati huko juu hana shamba wala ng'ombe?

Ubaoni nilichora kila mwaka mstari mmoja wenye vilele vinane vilivyopangana kama meno: Nyamulagira, Nyiragongo, Mikeno, Karisimbi, Visoke, Sabinyo, Gahinga, Muhavura. Wanafunzi waliyataja majina kwa sauti mpaka yakakaa kichwani, kisha nikawapa jaribio la kuchora safu ya Virunga.

Mwaka huo nilikuwa na msichana mmoja mrefu, mnyamavu, aliyekuja mjini kukaa kwa shangazi yake ili asome. Karatasi yake haikuwa na mstari. Katikati ya ukurasa alichora nyumba ya mbao na matuta ya viazi. Kushoto aliweka Nyiragongo peke yake. Kulia, Mikeno na Karisimbi. Juu ya matuta kulikuwa na weusi wa penseli, nikadhani ni uchafu wa mkono. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Safu haikatiki." Nikampa zero.

Jumatatu iliyofuata mama mmoja aliingia katika chumba cha walimu, amejifunga kitenge, buti zake zimejaa udongo mweusi.

"Madame, ni mimi mama ya ule mutoto uliyempa zero."

"Karibu, mama. Keti."

Hakuketi. Alikunjua karatasi juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja.

"Unionyeshe kosa iko wapi."

Nikamweleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, kwamba volkano hizi zimefuatana, kwamba zinaitwa safu kwa sababu hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na huo mustari yako," akasema, "unapita juu ya nyumba yangu?"

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni alicheka. Mimi nikaitazama tena ile karatasi.

"Umeshafika kwetu Kibumba?"

"Nimepita tu na gari, mama. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Basi Siku ya Posho unakuja. Nitakupikia viazi."

Siku ya Posho ni Jumamosi. Nilikwenda, na sijui hata leo kama nilikwenda kwa ajili ya ukweli au kwa kuona haya mbele ya mwenzangu. Barabara ilipanda, na kila tulipopanda baridi iliongezeka. Chukudu zilizobeba magunia ya viazi zilishuka kwa kasi kuelekea mjini, wenyewe wamesimama juu ya mbao hizo za magurudumu mawili kama watu wasio na roho ya kupoteza. Nilipofika, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona paa la nyumba niliyoelekezwa. Yule msichana alikuwa ananingojea kando ya barabara. Alinipa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeushika huo wa kulia, kama wanavyosalimia kwao wakiheshimu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nyuma ya nyumba yao kuna kilima. Sehemu zile zina vilima vingi vya namna hiyo, na kila kimoja ni volkano ndogo iliyotapika mara moja ikanyamaza. Njia ilipita kwenye kokoto nyeusi zinazoteleza, na viatu vyangu vya mjini vilinirudisha nyuma hatua moja kila nilipopiga mbili. Nusu ya njia nikakaa chini. Mama akanipa fimbo yake.

"Pole pole, Madame. Mulima haikimbie."

Tulipofika juu palikuwa na ukungu tu. Hatukuona mbele, hatukuona nyuma.

"Sasa nione nini?" nikauliza.

"Ngoja."

Tukangoja. Kisha upepo ukaja kutoka upande wa jua, na ukungu ukaanza kupasuka vipande vipande. Niliona jabali jeusi lenye majani ya kijani kwenye nyufa zake, nikadhani hicho ndicho kilele. Nikainua macho kidogo, jabali likaendelea. Nikainua kichwa chote, kitambaa changu kikaanguka mabegani, na bado lilikuwa linapanda. Huo ulikuwa Mikeno. Ubaoni nilikuwa naumaliza kwa mipigo miwili ya chaki. Kulia kwake Karisimbi ulikuwa umesimama, mpana, kichwa chake cheupe kwa mvua ya mawe iliyoanguka huko usiku.

"Kwa luga yetu hii jina Mikeno ni umaskini," mama akaniambia. "Hakuna mutu anaweza kulima pale, wala kujenga. Inakatala kila mutu."

"Geuka sasa, Madame," msichana akasema.

Nikageuka. Nyuma yangu, upande wa magharibi, Nyiragongo ulikuwa umetoka wote. Sikuutambua. Tangu utotoni nilijua uso wake mmoja, ule unaotazama mji, na sikuwahi kufikiri kwamba una uso mwingine. Kati ya mlima huu na ile miwili mikubwa kulikuwa na bonde, mashamba, moshi wa majiko, mbuzi, na sisi watatu. Nikasema "Subhanallah," nikarudia.

"Nilichora asubuhi," msichana alisema kwa sauti ndogo. "Asubuhi jua iko nyuma ya Mikeno. Ile nyeusi ni kivuli yake juu ya shamba."

"Nisamehe," nikamwambia. "Wewe ulichora ulichokiona. Mimi ndiye sikuwa nimeona kitu."

Alitazama chini. Mama yake akanishika mkono.

"Twende tukule. Viazi vinapoa."

Tulikula viazi na maharage karibu na moto. Hapo ndipo mama aliponieleza kwamba walikuwa wamekimbia vita mara mbili, wakalala chini ya mahema, na mara ya pili waliporudi hawakukuta nyumba, wala ua, wala mti.

"Ulijuaje kiwanja chako ni kipi?" nikauliza.

"Kwa milima. Pale Mikeno na Karisimbi zinaachana, chini yake ndiyo mulango yangu. Nikasimama, nikatazama, nikaambia bwana yangu: chimba hapa."

Nilirekebisha ile alama mbele ya darasa zima na kueleza kwa nini. Kisha nikawaambia wote wachore Virunga kutoka mlangoni kwao. Mvulana anayekaa Lac Vert, magharibi ya mji, alituletea Nyamulagira, mpana na bapa, ambao sisi wa Mapendo hatuuoni vizuri kwa sababu Nyiragongo umetuzibia. Tulibandika kila mchoro ukutani, na hakuna miwili iliyofanana.

Kabla njia ya Kibati haijafungwa kwa kukosa usalama, nilipanda mara moja na walimu wenzangu hadi Shaheru, kreta ya zamani iliyo begani mwa Nyiragongo. Tulifika mchana, tumelowa jasho. Mji wote ulikuwa chini yetu, mabati yaking'aa, na ziwa limelala kama shuka lililotandikwa. Kando ya njia kulikuwa na ufa katika mwamba unaotoa mvuke. Nilipiga magoti nikauingiza mkono. Hewa iliyotoka ilikuwa ya joto na yenye unyevu kama pumzi, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Nilikaa hapo, mkono umo ndani, mpaka wenzangu wakaniita.